Sauti Ndani ya Tundu la Hondohondo

Hapo zamani za kale, wajukuu, tembo alipokuwa bado anabisha hodi kabla ya kuangusha mti, Nyati aliutaka msitu wa Kurumbiza. Alitaka kuung'oa wote apate malisho.

Kurumbiza ni ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, fundi wa kuiga sauti za wenzake. Mimi nimezunguka nchi nyingi na lugha zote naziongea vibaya. Yeye hakuondoka mtini, na lugha zote zilikuwa laini mdomoni mwake. Lakini wenzake walikuwa wamehama mwaka wa ukame. Aliyemkumbuka zaidi ni jirani yake Bi Hondohondo, mwenye mdomo kama jembe na kicheko cha hoo-hoo-hoo. Tundu lake, juu kwenye mvule mkongwe, lilibaki tupu.

Mwamuzi alikuwa Mzee Tembo. "Msitu hupimwa kwa ndege wake," alisema.

Kurumbiza akalia kama kunguru: kwaa, kwaa.

"Huyo anakaa hata jalalani," Nyati akacheka.

"Kweli," akasema Tembo. "Kunguru huishi popote. Nitajie asiyeweza kuishi kwingine. Hondohondo yupo? Yule hutaga kwenye tundu la mti mzee tu. Akiwepo, hapa hauguswi mti."

"Yupo nyumbani, babu. Ngoja nikamwamshe."

Puruu! Akapotelea majanini, akaingia tunduni. Ndani alikuta unyoya mmoja mweusi. Akauegemea kidogo, kisha akatoa sauti: "Hoo-hoo-hoo. Nani huko?"

"Toka tukuone," Nyati akanguruma.

"Nitokeje, shemeji? Naatamia. Mume wangu ameniziba mlango kwa udongo, ndiyo desturi yetu. Au kwenu wageni huingia chumbani kwa mzazi?"

Nyati akainamisha pembe kwa aibu.

"Twende zetu," akasema Tembo. "Msitu huu hauguswi."

Ukabaki. Kila alfajiri Kurumbiza aliingia tunduni, akajisalimia kwa sauti ya Bi Hondohondo, akajijibu kwa yake, wakapiga soga wawili, yeye peke yake.

Mvua zikarudi. Asubuhi moja, kabla hajafungua mdomo, hoo-hoo-hoo ikasikika nje.

"Hodi. Nani yumo nyumbani kwangu?"

Kurumbiza, mwenye sauti za ndege wote, akaitafuta yake aseme karibu, akaikosa. Akasogea tu, akampisha.

Basi shikeni hili, wajukuu: anayelinda kiota cha aliyeondoka humtunzia njia ya kurudi.