Bi Sange na Sakafu ya Bwana Ngiri

Paukwa!
— Pakawa!
Pasi?
— Ya mkaa!
Mkaa?
— Wa moto!
Moto ukifa?
— Tupulize!

Haya pulizeni basi, fuuu! Wewe huko nyuma, umepuliza au umepiga miayo? Asiyepuliza hasimuliwi, shauri yake.

Hapo kale palikuwa na Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo wa vichakani, anaenea kiganjani, pua ndefu nyembamba haitulii, mara huku, mara kule. Huyu Bi Sange alikuwa dobi. Alifua, akapiga pasi, na katika mji mzima wa Kichakani hakuna aliyemfikia. Kola ikitoka kwa Bi Sange, hata ukilia machozi hailegei.

Sasa adui wa dobi ni nani? Ni vumbi. Na Kichakani, wenzangu, kulikuwa vumbi tupu. Unafua nguo mpaka inameta, unaipiga pasi mpaka inanyooka, halafu ikuponyoke mara moja tu, pwa! Imerudi kwenye beseni. Nyumba moja tu ilikuwa na sakafu ya saruji, nayo ni nyumba ya Bwana Ngiri. Ngiri mnyama, nasema, si ngiri maradhi. Ingawa majirani walisema afadhali maradhi, maana yana dawa.

Bi Sange akaenda. "Hodi, Bwana Ngiri!"

"Nani?"

"Mimi, Bi Sange dobi. Naomba kipembe cha ukumbi wako nipigie pasi. Kwangu vumbi limenishinda."

Ngiri akatoka, tumbo mbele, mwenyewe nyuma. Meno yake mawili yamepinda kwenda juu kama kulabu. "Kipembe nitakupa," akasema. "Lakini hapa pana sharti. Kikigusa sakafu ni cha mwenye sakafu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Bi Sange akajisemea moyoni, mimi na miaka yangu yote ya kazi, kitaniponyoka nini? Masikini, hakujua mwenyeji wake ni mtu gani.

Akaweka meza, akaitandika blanketi. Kwa kuwa meza ilikuwa ndefu na yeye mfupi, alipindua kinu akasimama juu yake. Alikuwa na utaratibu wake. Kiti huku, kiti kule, ili pindo la nguo lilale kitini lisining'inie. Akimaliza upande mmoja anaukunja kwanza, ndipo anavuta wa pili. Akimaliza nguo, moja kwa moja kambani. Pasi aliishika kwa mikono miwili akaisukuma kwa tumbo: chwaaa kwenda, chwaaa kurudi.

Siku ya kwanza alikuwa na shati la Mzee Kobe. Ngiri akapita ukumbini. "Habari za kazi, Bi Sange?" Huku anauliza, huku anakanyaga kwa makusudi: Di! Di! Di! Meza ikatetemeka, kiti kikasogea, shati likateleza, pwa!

"Limegusa?" akauliza Ngiri.

"Limegusa."

"La nani?"

"La mwenye sakafu."

Ngiri akalichukua, akalitia chumbani kwake, akafunga kwa ufunguo. Bi Sange akaenda kwa Mzee Kobe kichwa chini. Mzee wa watu akamwambia, "Si neno, mwanangu. Mimi gamba ninalo." Lakini alikuwa akilipenda lile shati, na Bi Sange alilijua hilo. Akarudi nyumbani analia.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya kanzu ya Bwana Korongo. Mnamjua Korongo na urefu wa miguu yake, basi pimeni na kanzu. Bi Sange akaongeza viti viwili. Ngiri akaja, akasimama karibu, akavuta pumzi, akapiga chafya ya uongo: Haaa-chyaaa! Upepo ule, jamani! Kanzu ikapepea, ikatua kwa ncha ya pindo sakafuni.

"Imegusa?"

"Imegusa pindo tu, Bwana Ngiri! Haijalala chini!"

"Nani kasema chini?" Ngiri akawaka. "Chini kuko kwenu kwenye vumbi. Hapa hakuna chini, hapa kuna sakafu. Nilisema sakafu! Haya, ya nani?"

"Ya mwenye sakafu."

Korongo hakuwa muungwana kama Kobe. Alikwenda akasimama mlangoni kwa Bi Sange kwa mguu mmoja, kutwa nzima, hasemi neno. Bi Sange akaapa, kwa Ngiri hakanyagi tena.

Ikaja Alhamisi.

Alhamisi alikuja Mwanakheri. Huyu Mwanakheri alikuwa binti wa marehemu Bi Digidigi, shoga yake Bi Sange wa kufa na kuzikana. Mama yake alipofariki mtoto bado ananyonya, na aliyemchukua ni Bi Sange. Alimlea mwenyewe, ingawa mtoto wa miezi mitatu alikwisha kumzidi mlezi kimo. Mnacheka? Alikuwa akimbeba mgongoni hivyo hivyo, miguu ya mtoto inaburura.

Kesho yake Mwanakheri anaolewa. Akaja na sanduku dogo, akalifungua, akatoa kisutu. Kile kisutu cha harusi, chekundu, cheusi na cheupe, doti nzima haijakatwa, kimelala humo tangu mama yake anakufa. Alikuwa ameacha neno: asikikate mtu, atakikata mwanangu mwenyewe siku ya harusi yake.

Mwanakheri akakipeleka puani. "Mama Sange, kinanukia asumini."

"Ndiyo harufu yake. Alikuwa hatoki nje bila asumini."

"Kina mikunjo mpaka nakionea haya. Lakini ukikipiga pasi, harufu haitatoka?"

"Moto hautoi harufu, mwanangu. Moto unaiamsha."

Mwanakheri akasema kwa sauti ndogo, "Kisiguse vumbi, mama. Kikigusa vumbi lazima kifuliwe, na kikifuliwa mama yangu ameondoka."

Bi Sange akatazama nje. Upepo unavuma, vumbi limesimama kama ukuta. Kwake hakufai. Na kwa Ngiri, doti nzima, urefu wote ule juu ya meza, na ile chafya! Pua yake ikacheza huku, ikacheza kule. Hapo ndipo likamrudia lile neno la Ngiri. Hapa hakuna chini. Nilisema sakafu.

"Lete," akasema. "Na wewe nenda ukapakwe hina."

Akabeba kisutu kichwani, pasi mkononi, na kwapani akabana mkeka wake wa kulalia. Kufika kwa Ngiri akautandika mkeka chini ya meza, ukatokeza pande zote.

"Huo wa nini?" akauliza Ngiri.

"Miguu, bwana wangu. Sakafu yako nzuri, lakini baridi yake inanipanda mpaka magotini."

"Si unasimama juu ya kinu?"

"Basi ni miguu ya kinu," akasema Bi Sange. "Lakini Bwana Ngiri, mkeka ni wangu, nimeusuka kwa mikono yangu. Nao uwe na sharti kama sakafu yako. Kikigusa mkeka ni cha mwenye mkeka."

Ngiri akacheka mpaka tumbo likaruka. "Kwani una nini wewe cha kugusa? Sawa! Kikigusa mkeka ni cha mwenye mkeka!" Jicho lake liko kwenye kisutu. Hajapata kuona doti ya namna ile.

Bi Sange akaanza. Chwaaa kwenda, chwaaa kurudi. Mkunjo wa kwanza ukafunguka, na harufu ya asumini ikapanda, jamani, ikapanda mpaka Bi Sange akaona kama shoga yake amesimama pale nyuma ya meza anamwambia, polepole, usiunguze. Machozi yakamlenga. Akayafuta kwa bega, maana chozi nalo linaacha doa.

Ngiri akaja. Di! Di! Di! Kisutu kikasogea. Bi Sange akasema moyoni, shoga, nisamehe, na akakiachia pindo. Kisutu kikateleza, taratibu, pwa!

Kilianguka mkekani.

"Kimegusa!" akapiga kelele Ngiri, akarukia, miguu yote minne, tumbo kubwa, hata haoni anakanyaga wapi. Akakidaka kisutu. "Kimegusa, kimegusa! Cha nani?"

"Kimegusa nini?" akauliza Bi Sange.

Ngiri akatazama. "Si... mkeka."

"Cha nani?"

"Cha mwenye mkeka." Akasonya. "Haya, chukua. Mara hii umepona."

"Ngoja, usiondoke. Na wewe umegusa?"

"Nimegusa nini?"

Bi Sange akanyoosha kidole. Ngiri akavuta tumbo ndani ili aone miguu yake. Mmoja mkekani. Wa pili mkekani. Wa tatu mkekani. Wa nne, mkekani.

"Umegusa?"

"Ni... nimegusa."

"Wa nani?"

Mkaa ndani ya pasi ulisikika, ti, ti.

"Wa nani, Bwana Ngiri?"

"Wa mwenye mkeka," akasema Ngiri, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya kitoto.

Mnadhani Bi Sange alimpiga? Hakumpiga. Mnadhani alimfukuza? Atamfukuzaje mtu kwenye nyumba yake! Alimwambia, "Nenda ukaoshe meno." Ngiri akaenda, akasugua meno yote mawili kwa majivu na maji, akarudi yanang'aa. "Inama hapa. Jino hili lishike pindo moja, na hili la pili. Na usipumue kwa nguvu."

Ngiri akainama. Kisutu kikakaa juu ya meno yake, hakining'inii, hakiburuti, na pasi ikapita: chwaaa kwenda, chwaaa kurudi. Alisimama vile alasiri nzima, shingo inamuuma, hasogei. Mwisho akauliza, "Kinanukia nini hiki?"

"Mama wa mtu."

Ngiri akatulia zaidi.

Walipomaliza, Bi Sange akadai ufunguo wa chumba. Akafungua. Lo! Nguo zimetundikwa zimejipanga, shati la Kobe, kanzu ya Korongo, na nyingine za miaka na miaka. Hata moja haijavaliwa. Hata moja haina vumbi.

"Bwana Ngiri, ulikuwa unaziweka za nini?"

Ngiri akatazama ukutani. "Za harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yoyote. Nilisema siku nikialikwa nisikose cha kuvaa." Akakwaruza sakafu kwa kwato. "Nguo zote ninazo, Bi Sange. Mwaliko sina."

Bi Sange alikuwa amekuja na maneno yake makali ameyanoa tangu juzi. Yote yakamwishia mdomoni. Akamwambia tu, "Lete kikoi chako. Kile chako mwenyewe. Pasi bado ina moto."

Ijumaa, Kichakani nzima ikatoka. Vigelegele, ngoma, pilau inanukia mpaka ng'ambo ya mto. Nguo za watu zilikwisha kurudishwa tangu asubuhi, kwa hiyo Mzee Kobe amevaa shati lake, na Bwana Korongo yuko mlangoni na kanzu yake, kajipa kazi ya kupokea wageni. Mara anamwona Bi Sange anakuja, na nyuma yake Ngiri, kikoi kimenyooka, macho yanatazama chini.

Korongo akanyoosha bawa, akaziba mlango. "Wewe pita, Bi Sange. Lakini huyu! Huyu kaalikwa na nani?"

Ngoma ikanyamaza. Watu wote wakageuka. Ngiri akaanza kurudi kinyumenyume.

"Huyu haalikwi," akasema Bi Sange.

Ngiri akainamisha kichwa.

"Haalikwi kwa sababu si mgeni. Huyu ni wangu." Akamshika jino, akamvuta. "Nawe Korongo, punguza bawa, unatupunguzia hewa. Mwanakheri anakata doti yake na anahitaji mtu wa kumshikia."

Akaingia naye mpaka ndani, mpaka mbele kabisa.

Basi hadithi yangu naikunja hapo. Iliyonyooka chukueni mkavae, yenye makunyanzi nirudishieni mwenyewe, mkaa upo.

Na funzo? Nani kauliza funzo? Haya. Funzo la kwanza, wenye nyumba tuwaheshimu na masharti yao tuyafuate, kama alivyofanya Bi Sange. Funzo la pili, usiende harusini bila mwaliko, ni aibu kubwa. Na la tatu, ambalo ndilo kuu, mkeka ni wa kulalia tu. Mwenye kuutandika chini ya meza ya pasi ni mvivu wa kufagia. Asiyeamini akautandike wake, kisha aje aniambie kapata nini.