Likizo ya Nesi Tunsume

Miaka mitatu mfululizo Daktari Mbwilo, mkuu wa kituo cha afya, aligoma kumpendekeza nesi Tunsume apandishwe cheo. "Kazi yako ya kawaida tu, dada."

Tunsume akaomba likizo maalumu ya mwaka mmoja, bila malipo.

"Mwaka mzima! Wajawazito watazalishwa na nani, mimi?"

"Basi nikatalie kwa barua, mkuu. Nyumbani hawataniamini."

Mkuu akaandika kwa hasira kwamba bila Tunsume wodi ya wazazi itafungwa, akagonga muhuri.

Mwezi uliofuata kamati ya wilaya ilimpandisha Tunsume cheo. Rufaa yake ilikuwa na kiambatisho kimoja: barua ile.

Mkuu akamfuata wodini. "Na ile likizo uliyoililia?"

"Likizo tena, mkuu? Wodi si itafungwa?"