Kwa Nini Ardhi Ikitikisika Tunaulizana Maji

Kaeni vizuri, mliopata chai na msiopata. Zamani, ardhi ikitikisika huku kwetu Lukwego, hakuna aliyemuuliza jirani kitu. Watu walikimbia tu. Wakaanza kusema chini ni pango tupu, siku moja litatumeza, na Chifu Mwakalobo akaamuru kijiji kizima kihame kabla ya mvua.

Sekela, mfinyanzi, alikuwa na mama asiyeweza kutembea wala kubebwa kwa maumivu ya mgongo. Kuhama kulikuwa kumwacha mama. Alilia siku mbili, siwafichi. Ya tatu akaenda kwa chifu.

"Nikitaka kujua chungu kikoje ndani, sikivunji," alimwambia. "Nakigonga, nasikiliza. Ardhi inajigonga yenyewe, chifu. Tuisikilize kwanza."

Akapewa mwezi mmoja. Kila nyumba akaipa chungu, kijazwe maji mpaka ukingoni. Ardhi ikitikisika, mama mwenye nyumba ahesabu kata ngapi za kuchotea maji zinahitajika kukijaza tena. Penye mwamba chini yatamwagika kidogo. Penye tope yatamwagika sana, maana tope huyumba.

Tetemeko likapita. Sekela akazunguka kuuliza, na kila nyumba jibu likawa moja: hata tone. Nyie mnawajua mama zenu. Maji kumwagika ndani ilikuwa aibu ya mwanamke, kwa hiyo wote walishajaza vyungu na kufuta sakafu kabla hajafika.

Zilibaki siku nne mwezi uishe, tetemeko la pili lilipokuja. Safari hii Sekela hakuuliza mtu. Alisimama njia panda mbele ya watu akasema kwa sauti, "Kwangu kata mbili, na sakafu sijaifuta."

Kisha Tumpe, mke wa chifu, aliyekaa bondeni, akainamisha kichwa. "Kwangu kumi na nne, mwanangu. Na mara ile kumi na tatu."

Baada ya hapo kila mmoja alisema lake. Mlimani kata mbili, tatu. Bondeni kumi na kuendelea. Pango lingeyumbisha kijiji kizima; halikuwepo, mlima wote ulikaa juu ya mwamba, na tope lilikuwa bondeni tu. Waliohama ni chifu na majirani zake watano, wakapanda mlimani na vitanda vyao. Mama yake Sekela aliishi miaka sita zaidi, akafia nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Na tangu siku hiyo bondeni tunapanda migomba tu, na ardhi ikitikisika swali letu la kwanza ni, "Kata ngapi?" Anayejibu hata tone, tunamrudisha akahesabu upya.