Pipa Jekundu la Bi Kidawa

Hapo zamani za juzi tu, Mbelwa, mkaguzi wa zimamoto, alisimama barabarani akalinyooshea kidole pipa jekundu kibandani kwa Bi Kidawa.

“Mama, hiyo petroli haina kibali. Lipa ada au nafunga kibanda.”

“Hulifungui kwanza, mwanangu?”

“Jicho langu linatosha.”

“Basi niandikie, nisije nikakataa kesho.”

Akaandika: petroli, nimefungua, nimenusa. Akagonga muhuri.

Bi Kidawa akaipeleka karatasi kwa mkuu wa zimamoto, akarudi naye. Mbelwa alikuwa bado anaingojea ada. Bi Kidawa akalifungua pipa, akamchotea mkuu kikombe. Mkuu akanusa, akanywa, akaomba cha pili.

“Mbelwa,” alisema akijifuta midomo, “petroli hii ina ndimu na tangawizi. Vikombe vyote utalipa wewe.”