Vua Viatu, Dada

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuzia mtu mlangoni. Wakichoshwa na shemeji aliyekaa mno, huitamka huku wakimtazama kwa pembe ya jicho, naye shemeji akaelewa na kufunga virago. Wanaipunja. Wahenga hawakusema mgeni apewe mlango, walisema apewe jembe, na jembe hapewi mtu asiyetakiwa shambani. Asiyeamini na aende Tentúgal, mji mdogo wa Ureno, nyumbani kwa Hermínia, akaulize habari za dada yake.

Deolinda aliletwa hapo mwezi wa Februari, baada ya upepo wa kipupwe kung'oa nusu ya vigae vya nyumba yake kule milimani, karibu na mpaka. Alikuwa na miaka sitini na minane, mjane wa miaka tisa, bila mtoto. Hermínia, mdogo wake wa pekee, alimfuata mwenyewe kwa gari lililoendeshwa na binti yake, Odete. "Utakaa wiki mbili tu," alimwambia. "Paa likipona, utarudi." Lakini mafundi ni mafundi. Wiki mbili zikazaa mwezi, na mwezi ukazaa wa pili.

Siku za mwanzo zilikuwa peponi. Hermínia alitengeneza pasteli, zile za karatasi nyembamba za unga zilizojaa kiini cha yai na sukari, na kila asubuhi Deolinda aliketishwa dirishani, mto mgongoni, sahani mapajani. Leo pasteli, kesho vikeki vya jibini, Jumapili wali mtamu wa maziwa uliochorwa maua ya mdalasini juu yake. "Kula, dada," Hermínia alimwambia. "Kazi yako hapa ni kula." Kwa miaka tisa Deolinda alikuwa amechemsha yai lake moja na kulila akiwa amesimama, bila sauti ya mtu ndani ya nyumba. Sasa aliamshwa na Odete akiimba kombokombo na Hermínia akibishana na redio. Alifurahi mpaka akaogopa.

Tatizo ni kwamba hakuwa mwanamke wa kiti. Akishika sahani aioshe, anapokonywa. Akishika ufagio, anapokonywa. "Acha, mama mkubwa," Odete alimwambia kila mara, "wewe ni mgeni wetu." Wiki ya tano alianza kujiona kama sanduku ambalo mtu ameliacha sebuleni na kila apitaye analizunguka.

Basi siku moja ya Machi akajitia kusaidia. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba cheupe ambamo unga wa pasteli za kuuza ulivutwa. Donge la unga na maji liliwekwa juu ya shuka sakafuni, na wanawake wawili wenye soksi safi walilivuta kwa kulizunguka, mpaka likawa jembamba kiasi cha kuweza kusoma barua iliyowekwa chini yake. Upepo ndio adui wa unga huo: ukiupuliza kidogo tu, hukauka na kupasuka. Kwa hiyo mtoto wa Tentúgal hujua, kabla hajajua kufanya ishara ya msalaba, kwamba mlango wa chumba hicho hubishwa hodi na hungojewa jibu. Deolinda alikuwa mtu wa milimani. Alisukuma mlango akaingia na ufagio wake, na dirisha la jikoni nyuma yake lilikuwa wazi.

Unga wote ulichanika, upande mmoja hadi wa pili. Odete aliketi chini palepale. Piedade, mfanyakazi wao wa miaka mingi, alijiziba mdomo. Hermínia, aliyekuwa akisimamia kazi juu ya kigoda, aliwiva uso, akafungua kinywa, kisha akakifunga.

"Si neno, dada," alisema. "Rudi ukapumzike."

Mchana ule aliletewa vikeki viwili badala ya kimoja. Deolinda alivitazama, moyo ukamuuma. Walipokuwa wadogo, kwa kosa dogo kuliko hilo Hermínia angemrushia kiatu cha mti na kumwita mbuzi. Asiyegombezwa ni mgeni, aliwaza, mtu wa nyumbani huambiwa ukweli wake. Tangu hapo utamu ukamshinda. Alikula kwa adabu, akameza kwa shida.

Wiki ya Pasaka ilipofika alimpigia simu fundi Amílcar. Paa lilikuwa limekwisha siku kumi zilizopita. Deolinda hakumwambia mtu. Alizikunja nguo zake moja moja, akalia kidogo, akajipangusa kwa leso, akaendelea kukunja. Hakuitaka ile nyumba kimya, na hilo alilijua vizuri. Lakini kuwa mzigo kwa mdogo wake kulimchukiza zaidi. Angepanda basi la saa nne asubuhi, Alhamisi Kuu.

Asubuhi hiyo aliingia jikoni na koti lake na begi mkononi, maneno ya kuaga yakiwa tayari ulimini. Hakuna aliyemtazama. Piedade alikuwa ameketi, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za kanisa jioni iliyopita. Donge la unga wa Pasaka lilikuwa limeshapumzika, na likishapumzika halingoji mtu. Odete peke yake hangeweza kulivuta, na magoti ya Hermínia yalikuwa yamekataa kuinama tangu mwaka juzi.

Hermínia aligeuka. Akaliona begi, akamwona dada yake, akautazama unga.

"Vua viatu," alisema.

"Nina basi la saa nne."

"Basi linajua njia, litakwenda. Vua viatu, dada."

"Hermínia, mimi ndiye niliyeuchana ule mwingine."

"Ndiyo, uliuchana. Kazi ya asubuhi nzima, mbuzi wewe, na mpaka leo nina hasira nawe. Nimekwambia vua viatu."

Deolinda alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Machi. Aliliweka begi chini na kuvua viatu.

Mikono yake ilijua zaidi kuliko alivyojua yeye. Miaka arobaini alikuwa amefua na kunyoosha mashuka ya kitani na mama mkwe wake, mmoja huku na mmoja kule, na aliyenyoosha shuka kwa muda huo hujua kumsikiliza mwenzake kwa vidole. Aliinua ukingo wa unga, akaiachia hewa ipite chini, akavuta, akarudi hatua moja nyuma.

"Taratibu," Hermínia aliamuru kutoka kigodani. "Huvuti ng'ombe. Na pembe yako hiyo imelegea. Odete, usimcheke. Mwaka wako wa kwanza ulichana mara ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Sema kweli, ni Pasaka."

"Kumi na tisa. Nane nilikuficha."

Kidole gumba cha Deolinda kikatoboa unga, naye akaganda. "Kitundu tu," Hermínia alisema. "Tutakikata. Songa." Honi ya basi ilisikika kutoka uwanjani, ikapita, ikapotea. Hakuna aliyeinua kichwa. Unga uliendelea kupanuka mpaka viraka vya shuka vikaonekana chini yake.

Siagi ilipakwa kwa unyoya wa kuku, kiini cha yai kikajazwa, na sinia la kwanza likatoka tanurini. Nyumba hiyo ilikuwa na desturi moja: pasteli zilizonyooka ni za wateja na wageni, zilizopinda ni za waliofanya kazi. Miezi miwili Deolinda alikuwa amepewa zilizonyooka tu.

"Paa langu limekwisha," alisema, akipangusa mikono. "Siku kumi sasa."

"Kumi na mbili. Amílcar alinipigia mimi kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeondoka." Hermínia alijishughulisha na sinia ili asimtazame. "Nilikuwa nahitaji mikono, na zaidi ya mikono nilikutaka wewe. Lakini nilikuita upumzike. Ningekuomba kazi kwa uso gani?"

"Kwa huo huo ulioniita mbuzi."

Odete alicheka mpaka akashika meza. Hermínia naye akashindwa kujizuia. Alichagua pasteli moja iliyopinda na kuungua pembeni, akamkabidhi dada yake bila sahani.

"Jumamosi saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Na ubishe hodi."

Deolinda alilitundika koti lake kwenye msumari wa aprani. Akaila ile pasteli akiwa amesimama, miguu ndani ya soksi zenye unga, na tangu aingie nyumba ile hakuwa ameonja tamu kama hiyo. Jembe lake lilikuwa limechelewa miezi miwili. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.