Kiti Kimoja cha Nyamizi

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana barua zilikwisha kuwa na kumbukumbu namba na shule zilikwisha kuwa na mihuri, alikuwako msichana mmoja katika nchi ya Wasukuma aliyeitwa Nyamizi. Na Nyamizi alikuwa na kadi moja mkononi.

Ilikuwa kadi ya mahafali ya darasa la saba. Mwaka uliotangulia wageni walikuwa wengi kuliko viti, na mjomba wa mtu alikalia keki. Kamati ya shule ikakutana mara tatu juu ya mjomba huyo, ikaamua: kila mhitimu kadi moja, kila kadi jina moja, kila jina kiti kimoja. Kadi isiyo na jina ni batili. Kadi yenye majina mawili ni batili zaidi.

Nyamizi aliishi na bibi yake, Bibi Holo, basi kadi akampelekea yeye. Bibi akaipapasa pande zote mbili, akairudisha.

"Macho ya kutazama mahafali sina, mjukuu wangu. Masikio ninayo, na nikiwa jikoni kwa shule yenu nasikia kila kitu. Kiti mpe aliyekubakiza shuleni."

Nyamizi akatoka na kadi yake. Aliyekubakiza shuleni! Bibi alisema kama vile ni mtu mmoja.

Sikilizeni basi ilivyokuwa.

Alipokuwa darasa la sita, Nyamizi alipindua sufuria ya uji, uji wa shule nzima. Barua ikaandikwa, mhuri ukapigwa, Nyamizi akasimamishwa masomo siku saba.

Akarudi. Akakata kamba ya bendera, akairuka mbele ya dirisha la ofisi huku akihesabu kwa sauti. Barua ikaandikwa, mhuri ukapigwa, Nyamizi akasimamishwa siku kumi na nne.

Akarudi. Akaokota kipande cha tofali, akatafuta darasa lisilo na mtu, akarusha dirishani. Lakini mtu alikuwamo. Mbuke, binti wa jirani yao, mwanafunzi wa darasa la tano, alikuwa ameinama anafagia, akainuka. Tofali likapita kwenye kioo, likaondoka na jino lake la mbele. Nyamizi alipoiona damu, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mara ya tatu kanuni haikuhesabu siku. Mara ya tatu ilikuwa kufukuzwa. Barua ikaandikwa, mhuri ukapigwa, ikabaki sahihi ya mwalimu wa nidhamu.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa Mwalimu Mhoja. Akachukua kalamu, akaitazama, akaiweka chini.

"Mkuu," akamwambia Mwalimu Mkuu, "mtoto akipewa barua ya kusimamishwa hulia. Huyu mara ya kwanza alisema asante. Mara ya pili aliondoka mbio wino haujakauka. Tunasema tunamwadhibu, kumbe tunampa anachokitaka."

"Na anataka nini?"

"Sijui."

"Fomu haina nafasi ya 'sijui', Mwalimu."

"Basi nipe siku thelathini nijue."

Mwalimu Mkuu akafungua jalada kutafuta fomu ya kumpa mtu siku thelathini. Haikuwepo. Akatafuta ya kumnyima. Nayo haikuwepo. Mama yake Mbuke, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyepiga kelele: "Jino la mwanangu halijui siku thelathini! Afukuzwe leo!"

Mbuke akatoa kitambaa mdomoni. "Mama, akifukuzwa jino linarudi?"

Mama akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao. Mwalimu Mkuu akalifunga jalada. Siku zikaanza kuhesabiwa.

Alichokitaka Nyamizi alikijua Nyamizi peke yake. Alitaka kuwa nyumbani. Macho ya bibi yalikuwa yamefifia mpaka yakazimika, na bibi alipika peke yake kwenye mafiga, akiutafuta moto kwa kiganja. Lakini bibi alimwapisha: "Ukisema sioni, mjomba wako atakuja kutugawa, mimi huku na wewe kule." Nyamizi akaapa. Basi kila alipokuwa darasani aliona moto unapanda kwenye khanga, na njia aliyoijua ya kupewa ruhusa ya siku kumi na nne ilikuwa moja tu, nanyi mmeiona.

Mwalimu Mhoja hakujua hayo. Alichofanya ni kumsubiri getini kila asubuhi. "Umeamkaje, Nyamizi? Leo utajitahidi kwenye nini?" Na jioni, getini palepale: "Haya, tulifika wapi?" Akifanya jema dogo, hata kufuta ubao bila kuambiwa, Mwalimu alilitaja jema hilo mbele za watu. Kisha akampa kengele, ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mwarobaini.

"Umempa fisi bucha," walimu wenzake wakamcheka.

"Mwenye kengele hawi mtoro," akajibu. "Nani atamgongea?"

Nyamizi akagonga. Shule nzima ikaingia darasani. Akagonga tena, shule nzima ikatoka. Alikuwa hajawahi kungojwa na watu mia nne. Hakupindua kitu, hakukata kitu. Ila kila akimaliza kugonga aligeuka kutazama upande wa kwao.

Aliyemwona akigeuka ni Mama Kabula, mpishi wa shule. Hakumuuliza kitu. Alimpa mwiko akoroge uji, wakakoroga siku nane bila maneno. Siku ya tisa Nyamizi akasema, kama mtu anayeongea na sufuria:

"Mama Kabula, mtu asiyeona, anajuaje kama nguo yake imeshika moto?"

Mama Kabula akashusha sufuria. Hakwenda ofisini. Alikwenda kwa Bibi Holo, saa yake ya kupumzika, akakuta khanga yenye pindo lililoungua na mwanamke anayemkaribisha akitazama pembeni.

"Bibi," akasema, "shuleni kuna maharage yenye mawe, na wenye macho wameshindwa. Njoo na vidole vyako."

Bibi akaja. Kumbe hapakuwa na jiwe lililopita chini ya vidole vile. Kwa kuwa kila mgeni hutia sahihi, naye akaweka dole gumba kwenye kitabu cha wageni, siku baada ya siku, na kwenye nafasi ya sababu ya kufika karani aliandika: maharage. Ofisa aliyekuja kukagua alikifunua kitabu hicho kwa muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Lakini nani amlete bibi asubuhi? Mwenye kengele hufika kabla ya wote, na bibi hutembea polepole. Mwalimu Mhoja, aliyekwisha kumwona bibi jikoni, akawaketisha Nyamizi na jirani yake Mbuke kwenye mikeka, uso kwa uso, wapatane. Nyamizi akapiga magoti, akasema yote: tofali, macho, moto, kiapo. Mwisho akasema, "Nisamehe, Mbuke. Nilidhani hamna mtu."

Mbuke aliupitisha ulimi kwenye pengo. Hakusema nimekusamehe. Alisema:

"Bibi yako huamka saa ngapi?"

Tangu kesho yake Mbuke alishika ncha ya fimbo ya bibi, akatangulia. Mvua ikanyesha, alitangulia. Wenzake wakamwita Mwongoza Ng'ombe, alitangulia. Mwaka mzima.

Na Mwalimu Mhoja? Kwanza ilikuja barua ya onyo, kwa kutokuweka sahihi panapostahili sahihi. Kisha ikaja ya uhamisho, kwenda shule iliyoko ng'ambo ya mbuga, kwa manufaa ya umma. Umma wenyewe ulilia getini.

Sasa turudi kwenye kadi. Asubuhi ya mahafali Nyamizi alisimama getini na sare iliyopigwa pasi, na wale watatu wakaja.

Mwalimu Mhoja alikuja kwa baiskeli, mwendo wa saa tatu, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Nyamizi, mimi ndiye niliyekataa sahihi. Ungefukuzwa, Mama Kabula angemkorogesha nani uji? Mbuke angemuuliza nani habari za bibi? Mlango niliushika mimi, na kwa mlango huo sasa nafundisha ng'ambo ya mbuga. Mimi si wa shule hii tena. Bila kadi sipiti."

"Mlango uliushika, Mwalimu, sikatai," akasema Mama Kabula akitoka jikoni, anajifuta mikono. "Ulizuia miguu. Moyo ulikuwa ukiungua kule, na wewe ulikuwa unagawa kengele! Siku zako thelathini zingekwisha, na ya thelathini na moja uji ungemwagwa, tena ningeupika mimi. Huu mwaka wa tisa napika pilau ya mahafali. Mahafali yenyewe nayasikia tu ukutani. Nyamizi mwanangu, niangalie."

Mbuke alisema mwisho, mkono mdomoni. Sasa alikuwa darasa la sita, na wa darasa la sita siku hiyo walipewa mapumziko, ili pilau itoshe; naye bila kadi hapiti.

"Mwalimu alikuwa kazini. Mama Kabula alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nafagia tu."

"We mtoto!" Mama Kabula akasema. "Kwenda kwa bibi ilikuwa kazi yangu?"

"Na kazi yangu ilikuwa kuweka sahihi," akasema Mwalimu.

"Shikamooni," Mbuke akasema kwa adabu, kisha akaendelea. "Mimi ndiye niliyeumia. Ningesema afukuzwe, angefukuzwa, Mwalimu apende asipende. Na bibi asingefika jikoni kwa barua wala kwa mwiko. Alifika kwa miguu, na miguu niliiongoza mimi."

Wote watatu wakamtazama Nyamizi, na hakuna aliyemtazama kwa hasira. Hilo ndilo lililomtesa.

"Karani," akamuuliza kwa sauti ndogo karani wa shule, aliyekuwa akilinda geti, "nikiwaandika wote?"

"Batili."

Honi ya mgeni rasmi ikasikika barabarani. Karani akashika geti kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamnyooshea kalamu. "Jina, binti. Upesi."

Nyamizi akaweka kadi juu ya goti. Mwalimu Mhoja alikuwa anapangusa viatu. Mama Kabula alikuwa amekwisha kuvua aproni, ameishika nyuma ya mgongo. Mbuke alikuwa ameushusha mkono mdomoni, na pengo lilionekana. Nyamizi akaigusisha kalamu kwenye karatasi.

Wasikilizaji wangu, kiti ni kimoja na geti linafungwa. Je, nani alistahili?