Chozi na Jivu Lake

Hapo zamani za kale, wanangu, ndege walipokuwa wakipika na kufagia nyua zao, hakukuwa na kiberiti. Moto uliombwa kwa jirani. Kaa likitiwa kigaeni, mbio! Kumsimamisha njiani mbeba moto kulikuwa mwiko.

Mwaka huo maua ya bondeni yalikauka yote. Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye asali ya maua kwa mdomo wake uliopinda, akamwambia mkewe, "Tuhame. Ng'ambo ya kilima mishubiri imechanua."

"Na Mwewe wa pale mlangoni pa majabali?"

"Mungu yupo, mke wangu. Tukibaki hapa tutakufa njaa."

Wakaruka, frrr! Kufika kwenye majabali, nyap! Chozi kadakwa.

"Shikamoo, Mzee Mwewe!"

"Marahaba, kitoweo!"

"Taratibu mzee, nimebeba moto kifuani."

"Kwa! kwa! kwa! Moto gani? Mweusi ti, kama kaa lililozimika!"

"Hapa kivulini moto umelala. Nisogeze juani uone."

Mwewe akamsogeza, huku akicheka. Lo! Jua lilipompiga, kifua kikawaka chekundu pyu, kikimetameta!

"Yallah!" Mwewe akamwachia.

"Usinipulizie, mzee! Nyumba yako ni ya vijiti vikavu, na wanao wamo ndani."

"Pita! Pita upesi!" Kisha akamgeukia mke wa Chozi, ambaye alikuwa wa kijivujivu tu, hana hata unyoya wa kung'aa. "Wewe huna moto. Wewe utabaki, uwe mchuzi."

 

Mke wa Chozi akapiga goti. "Kweli, baba. Mimi ni jivu lake. Moto huzaa jivu, si ndivyo? Kama limepoa au bado, sijui. Tia mdomo ujaribu."

Mwewe akautazama mdomo wake mwenyewe. Akautazama tena.

"Ondokeni! Nyote wawili!"

Jioni walikuwa kwenye mishubiri, asali ikiwatiririka videvuni. Lakini Chozi hakunywa mara moja. Aliinamisha kichwa.

"Mola anisamehe. Siku zote nimejitazama majini nikasema, uzuri wote nimepewa mimi. Kumbe leo moto uliposhindwa, jivu limetuokoa sote."

"Kunywa, mume wangu," mkewe akacheka, "usije ukazimika!"

Basi wanangu, shikeni hili: Mungu hakumnyima mja wake, asiyepewa rangi kapewa akili.